Sahani ya Kwanza Huenda Barazani

Rukia mwanangu,

Watu huandikiana barua wakiulizana hali. Mimi hali yako naijua: uko nyumba ya tatu kutoka hapa, kwa shangazi yako, unapakwa hina ya safari, na kicheko chako nakisikia hadi huku dukani. Basi salamu yangu ni hii tu, kwamba babako ameswali alasiri, amerudisha mlango nusu, amekaa kwenye meza ya kukatia na ameshika kalamu. Usinicheke mwandiko. Mkono huu umezoea mkasi.

Maagizo sina. Mamako anayo ya kutosha. Tangu asubuhi anakupakia sanduku, na kila nguo anayoikunja anaitolea waadhi. Dawa ya tumbo iko wapi, chandarua kifungwe vipi, ule nini ukichelewa kupika, yote utayasikia kwake, na ukiyasahau utayasikia tena kwa simu. Na Kilifi si Ulaya. Mtu huondoka Malindi ameshakunywa chai, akafika kabla chai haijamshuka. Ninalotaka kukwambia ni jingine, nalo limenikaa kooni tangu jana.

Jana ulinionyesha picha za duka lako kwenye simu, na wallahi nilifurahi mpaka nikaona haya. Mlango wa chuma, umepakwa rangi ya kijani. Kamera juu ya taa. Kufuli kubwa, la kumtisha hata mwenye funguo. Nikasema moyoni, huyu binti amenishinda akili, mimi nilipofungua duka langu nilikuwa na komeo la mbao na dua. Kisha ukasema, kikombe kiko mkononi: "Na yule mama anayekaanga mihogo barazani, Baba, nimemwambia mwenye nyumba amwondoe kabla sijafungua Jumatatu. Moshi wake utanuka kwenye nguo za watu. Na wale wanaokaa kula pale, si wanachungulia ndani tu? Wezi huanza hivyo hivyo."

Ukaniangalia ukingoja nikusifu. Mimi nikasema chai ina moto, nikatoka nje. Haikuwa na moto.

Maneno yale niliwahi kuyasema mimi, karibu neno kwa neno, mbele ya duka hili hili, nikimwambia Mama Kadzo. Hulijui jambo hilo, kwa kuwa niliiapisha nyumba nzima wasikwambie. Leo nakwambia mwenyewe, maana ukiondoka kesho bila kulijua utalirudia, na nitakuwa nimekupa cherehani, mkasi na kosa langu vyote kwa pamoja.

Wewe umekua ukimwita Mama Kadzo hawe, kama wajukuu zake wa Kigiriama wanavyomwita bibi yao, ukila viazi vyake vya karai bure na kumwambia ukwaju haujakolea. Utadhani alizaliwa pale barazani pamoja na karai lake. La hasha. Kuna miezi mingi ambayo mlango huu haukuwa na Mama Kadzo, na wala haukuwa na baraza. Miezi hiyo ilikuwa ya mwaka wako wa kwanza duniani.

Sisi tulikaa miaka tisa kwenye ndoa bila mtoto. Ulipozaliwa, Idi kubwa ilikuwa imebakisha siku kumi na mbili, na duka limejaa kazi mpaka dari: kanzu za kutarizi, mabuibui, nguo za watoto, nyingine zimekwisha zinangoja wenyewe, nyingine zimekatwa tu. Mtu mwenye akili angefanya akika yako kimyakimya, mbuzi, dua, mtoto anyolewe, basi. Mimi sikuwa na akili, nilikuwa na furaha. Nilikwenda kualika mwenyewe, mlango kwa mlango, kuanzia muuza viungo hadi kinyozi. "Siku ya saba, baada ya adhuhuri, kwangu. Mtaa mzima. Sitaki hata paka abaki." Nilisema hivyo kila mlango, na sauti yangu unaijua.

Mama Kadzo alikuwa kijana wakati ule, ana miaka kama mitatu akikaanga pale nje. Nilipofika kwake alifuta mikono akasema, "Hongera Fundi, Mungu amkuze. Lakini mimi niacheni hapa hapa niangalie mlango. Nyinyi mnipelekee sahani tu." Neno dogo hilo, la busara, la mtu anayekutakia heri. Mimi nikaliona tusi. Nikamwambia, "Miaka tisa nangoja, leo wewe unakataa chakula cha mwanangu? Usipokuja, nami sili!" Siku ilipofika nikaja nikamshika mkono, nikamvuta kutoka kwenye kigoda chake, watu wanacheka, na yeye anacheka kwa haya. Karai akaliacha juu ya jiko lililozimwa.

Sasa sikiliza ujinga ulivyokamilika. Viti vya shughuli na masufuria vilibebwa na mtu wa mkokoteni. Alipomaliza kushusha, akataka kuondoka. Nikamwambia, "Wewe nawe rudi ule, mtaa mzima uko hapa leo, kule hapana hata mtu mmoja." Akasema, "Inshallah Fundi, nitarudi." Akageuza mkokoteni wake na mwenzake mmoja, wakaenda moja kwa moja dukani kwangu.

Mchana kweupe! Walivunja kufuli wakapakia vyerehani viwili na nguo zote zilizokuwa tayari, wakazifunika kwa turubai. Mpita njia mmoja aliwaona. Unajua aliwafanya nini? Aliwapa hongera. Alijua Fundi ana shughuli, akaona mkokoteni unabeba vitu kutoka kwa Fundi, akasema "hongera ya mtoto," nao wakamwambia "ahsante baba, karibu." Hayo tuliyajua baadaye sana. Siku ile nilichojua ni kwamba nilirudi magharibi nimeshiba, nimevaa kofia mpya, nikakuta mlango wazi na ndani mweupe.

Mwanangu, kuibiwa chako kunauma, lakini kuibiwa cha mtu kunavua nguo. Zile hazikuwa kanzu zangu. Watu walikuja na vitambaa vyao, wakanivulia viatu mlangoni, wakasema "nakuachia Fundi," wakaenda zao wakalala usingizi. Amana ndiyo hiyo. Kesho yake nilipita milango ile ile niliyopita nikialika, nikisema mlango kwa mlango kwamba nguo ya Idi haipo. Kuna mzee mmoja alinisikiliza, akaniambia "pole," akaingia ndani kunitolea maji ya kunywa. Yule ndiye aliyeniumiza kuliko wote. Ilinichukua mpaka Idi iliyofuata kushona upya kila kilichopotea.

Na kulikuwa na bibi mmoja wa ukoo wetu, Mungu amrehemu, aliyekaa kitandani kwa mamako akasema, "Mtoto huyu kaja na kisirani." Mamako alilia siku tatu. Hapo ndipo nilipoapisha watu. Nikasema, akika hii haitasimuliwa katika nyumba yangu, mwanangu asije akakua akidhani yeye ndiye aliyefungua mlango.

Lakini hasira ilitaka mtu wa kuibeba. Nikaanza kufikiri, na mtu mwenye hasira akianza kufikiri, jihadhari. Nani alitaka kubaki peke yake? Nani aliujua mlango wangu ndani na nje? Siku ya tatu nikatoka, watu wamesimama wanangoja viazi, nikamwambia Mama Kadzo moshi wake unanuka kwenye nguo, wateja wake wanachungulia, wezi huanza hivyo hivyo. Nikamtolea na methali juu: kikulacho ki nguoni mwako. Mimi fundi cherehani, nikajiona nimesema jambo kubwa sana.

Hakubishana. Alimimina mafuta ndooni, akamwaga makaa, akalishika jiko kwa leso, akanitazama. "Fundi," akasema, "si wewe uliyenivuta mkono?" Basi. Akaondoka, na sufuria ya viazi kichwani.

Nikajenga ngome. Nikavunja baraza ili asikae mtu. Nikaziba dirisha kwa matofali. Nikatia mlango wa chuma na makufuli matatu, kila moja na ufunguo wake, nikazining'iniza funguo kiunoni nikawa nalia kama mbuzi mwenye njuga. Nikashona ndani kwa taa saa sita mchana, jasho linanitoka, nimejifunga mwenyewe na nimelipa fundi anifunge. Wazee waliokuwa wakija kunywa kahawa pale nje wakahamia kwa kinyozi. Ajabu ni kwamba nilijiona niko salama.

Ijumaa moja nikafunga makufuli yote matatu, nikaenda kuswali. Niliporudi yalikuwa palepale, yananing'inia, hata moja halijaguswa. Nikafungua la kwanza, nikafungua la pili, nikafungua la tatu, nikaingia ndani ya duka langu nikaona jua. Lilikuwa likiingia kwa ukuta wa nyuma. Wametoboa tundu la kupita mtu, wameondoka na cherehani nilichokuwa nimeazimwa na redio ya mamako.

Askari aliyekuja kuandika aliniuliza, "Mzee, huu uchochoro wa nyuma hupita watu?" Nikamwambia alikuwepo mama mmoja akikaanga mbele, na dada yake akimmenyea viazi hapo nyuma, kila siku, tangu asubuhi mpaka alasiri. "Yuko wapi?" "Nilimfukuza." Askari akaacha kuandika akaniangalia.

Sikwenda kumtafuta. Nataka ulijue hilo, usije ukanitia uzuri nisiokuwa nao. Nilijua nimekosa na sikwenda, kwa kiburi tu. Yeye ndiye aliyekuja.

Alikuwa akikaangia mtaa wa Muyeye, kando ya barabara. Siku moja akasimama mteja aliyevaa kanzu nyeupe, akainama kuchagua viazi, na Mama Kadzo akaona tarizi za shingoni. Unaijua tarizi yangu: jani la mwisho, chini kabisa, hulala kinyume na wenzake. Niliwahi kukwambia ni nakshi. Si nakshi, ni kosa nililojifunza nalo na mkono ukakataa kuacha. Miaka mitatu Mama Kadzo alikaa karibu yangu nikitarizi pale barazani kwenye mwanga, na kila nikifika jani lile hunitania, "Mkaidi amelala tena." Basi alipoliona akamwambia yule mtu, kwa upole kabisa, "Baba, kanzu yako nzuri. Nami natafuta kama hiyo ya mume wangu. Umeipata wapi?" Mtu akamweleza, bila kujua lolote, kuna bwana mwenye mkokoteni anauza za bei nafuu, anazo nyingi nyumbani.

Alizima jiko lake na viazi havijakwisha, akaja kwa miguu mpaka hapa. Nilikuwa nimekaa ndani ya lile kaburi langu. Akasimama mlangoni, hakuingia. "Fundi, nimemwona mkaidi wako."

Sikuelewa. Akanieleza yote, palepale mlangoni. Mamako alikuwa amekuja na wewe begani, ukilia meno. Mama Kadzo akakupokea, ukanyamaza papo hapo, msaliti wee. Mamako machozi yakamtoka, akamwambia vile watu walivyosema, kwamba una kisirani. Mama Kadzo akakutazama usoni, kisha akanitazama mimi. "Huyu? Huyu hana kisirani. Kisirani ni ulimi wa babake."

Mamako alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu akika.

Polisi walikwenda na mwenye kanzu, wakamkuta yule mtu wa mkokoteni, na vyerehani vyangu viwili viko chumbani kwake, na kanzu chache zilizobaki. Cherehani kimojawapo ndicho utakachoondoka nacho kesho. Ndiyo maana kina ule mkwaruzo ubavuni unaoniuliza kila mara umetokana na nini.

Mimi nilimtukana mbele ya watu, kwa hiyo nilikwenda Muyeye nikamwomba radhi mbele ya watu, wateja wake wamesimama na karatasi za viazi mikononi. Nilikuwa nimetunga maneno mazuri njiani, yakapotea yote. Nikasema tu, "Nimekukosea, nisamehe, rudi." Akageuza viazi vyake kwanza. Kisha akasema, "Nirudi nikae wapi? Baraza si umeivunja?"

Nikaijenga, pana kuliko ile ya kwanza, na dirisha nikalizibua. Moshi tuliuzungumza kama watu wazima: jiko likae ncha ya upande wa kinyozi, na nguo zilizokwisha mimi nizifunike shuka. Wateja wake tuliwatundikia taulo ya mikono, baada ya bwana mmoja kushika buibui la bibi harusi kwa vidole vya ukwaju. Tumegombana mara ngapi tangu hapo, hata sihesabu. Lakini mgeni akisimama mbele ya mlango huu bila jambo, husikia sauti, "Karibu, watafuta nani?" Na mwizi duniani hachukii kitu kama kuulizwa anatafuta nani.

Kwa hiyo sikwambii utupe kufuli. Lifunge. Badilisha kitasa, maana aliyepanga kabla yako hatujui kama funguo alirudisha zote. Zunguka nyuma ya duka uutazame ukuta, uyatazame na mabati, kabla ya kuufurahia mlango. Nguo ikishakwisha, mpigie mwenyewe aichukue, isikulalie. Na ukiwa na safari au shughuli, usiitangaze kama babako. Kamera nayo ni nzuri, iache. Itakuonyesha uso wa mwizi akishamaliza. Yule mama wa mihogo atamwamkia kabla hajaanza.

Mama Kadzo ameniona naandika sasa hivi. Amechungulia dirishani akaniuliza, "Fundi, unaandika wasia? Unataka kufa leo na viazi hujalipa?" Nimemwambia nakuandikia wewe, nakusimulia habari ya akika. Amefuta mikono kwa leso. Kisha amesema, "Mwambie na mkono ulinivuta kwa nguvu, uliniuma." Halafu amenipa kifurushi cha ukwaju nikutilie kwenye sanduku.

Unakumbuka, ulipokuwa mdogo, kila Idi pilau ikipakuliwa sahani ya kwanza ulipewa wewe uipeleke barazani, wageni hawajaonja? Ulikuwa ukinung'unika, kwa nini wewe, kwa nini yeye kwanza, na Idi si yake. Nilikwambia ni desturi. Haikuwa desturi ya mtu yeyote. Ni ile sahani aliyoniomba siku ya akika yako, nikamvuta mkono badala ya kumpelekea. Kila Idi naipeleka, na kila Idi naona bado haijafika, na nilitaka ifike kwa mikono yako.

Sahani yenyewe iko chini kabisa ndani ya sanduku, nimeizungushia leso, pamoja na kawa lake la kuifunikia. Mamako amelalamika kwamba ni nzito na Kilifi sahani zinauzwa. Mwache alalamike.

Duka ni lako, na mwenye nyumba ni wako. Usiku huu una nafasi ya kumpigia simu, na ukiona usimpigie, sitakuuliza. Ila jana, nilipotoka na ile chai yangu, nilirudi nikakuuliza jina la yule mama wa mihogo. Ukasema, "Nani, yule? Simjui jina." Jumatatu, kabla hujafungua hilo kufuli lako, mwamkie, umuulize. Kisha nipigie unitajie, nijue nimwombee dua kwa jina gani.

Babako,
Fundi Athmani